Sura ya Saba: Dizeli Haisemi

Gari la petroli likikosa chaji hulalamika mapema. Plagi zinataka cheche, cheche zinataka umeme, na umeme ukipungua injini huanza kukatakata hadi dereva mwenyewe asimame afungue boneti. Dizeli ya zamani haitaki cheche. Hewa ikibanwa ndani ya silinda kwa uwiano unaozidi 22 kwa 1, kama ilivyo kwenye injini ya 1HZ ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990, hupata joto la kuwasha mafuta bila msaada. Pampu ya dizeli inazungushwa na injini, nozeli zinafunguliwa na msukumo wa mafuta yenyewe. Injini ikishanguruma, umeme inaouhitaji ni wa kushikilia kile kidude kidogo kwenye pampu kinachoruhusu dizeli ipite, yaani solenoidi, nacho kinakula kama ampia moja tu. Kwenye malori na Land Rover za kale zinazozimwa kwa kuvuta waya, hata hiyo ampia moja haidaiwi.

Kwa hiyo Land Cruiser ya mkonga inayopiga ruti ya Handeni na Songe inaweza kupoteza chaji saa tatu asubuhi, ikashinda barabarani na abiria, madumu na magunia ya mahindi, na asijue mtu. Betri ya ampia 70 inailisha solenoidi mchana kutwa na bado inabaki na nguvu ya kupiga stata mara kadhaa. Mambo hubadilika jua likizama. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja, ukijumlisha za nyuma na za dashibodi, zinakula karibu wati 150, sawa na ampia 12 hivi. Kwa hesabu ya karatasi, betri mpya iliyojaa inamalizwa kwa saa zisizofika sita. Betri ya miaka mitatu, tena iliyokwisha kunyonywa mchana, haifiki popote. Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65 za lami, lakini dereva aliyetoka Chanika ya Handeni saa ya magharibi huanza kuona taa zinageuka rangi ya chungwa kabla hajafika nusu ya njia, indiketa zinapiga kwa uvivu, na akizima injini ili ashushe mzigo ndio basi, haliwaki tena.

Kitakachofuata kila mtu anakijua. Vijana wanasukuma. Kama betri imebakiza chembe ya umeme, linawaka. Kama imekufa kabisa, solenoidi haifunguki, dizeli haipiti, na wanaweza kusukuma mpaka Segera bila faida. Kesho yake gari liko gerejini Manundu, Korogwe, na mazungumzo ni yale yale:

“Fundi, betri imekufa. Nitafutie nyingine, nina safari.”

“Subiri kwanza kaka. Nani amekwambia ni betri?”

Fundi anayejibu hivyo ni wa kushikwa mkono. Wengi hawajibu hivyo, na duka la betri halina sababu ya kumrudisha mteja. Betri mpya inafungwa, gari linawaka kwa stata moja, kila mtu anafurahi, na baada ya siku mbili tatu za kusafiri bila chaji betri hiyo mpya nayo imekwisha. Mwenye gari anaambiwa sasa ni alteneta. Anafungiwa alteneta ya mtumba, na pengine tatizo linabaki pale pale, kwa sababu kilichoharibika tangu mwanzo kilikuwa waya wa urefu wa mkono mmoja. Msimamo wa sura hii ni huu: kwenye mfumo wa chaji, kitu chochote kisinunuliwe kabla hakijapimwa.

Kupima kunataka mita ya dijitali, ile ndogo inayouzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya umeme wa majumbani. Taa ya kupimia, ambayo mafundi wengi wanaipenda, inakuonyesha kama umeme upo au haupo. Haikuambii kama ni volti 14 au 12, na ugonjwa wote wa chaji unaishi kati ya namba hizo mbili.

Gari likiwa limelala usiku kucha, weka ncha za mita kwenye vichwa vya betri kabla ya kuwasha kitu chochote. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu, na 11.8 ni sawa na tupu. Kisha mtu apige stata huku ukiangalia namba. Stata ya dizeli ni mzigo mkubwa, na hita plagi zimekwisha kula zao kabla yake, kwa hiyo namba itashuka. Isishuke chini ya 9.6. Betri iliyosoma 12.6 asubuhi kisha ikaporomoka hadi 8 stata inapopigwa imechoka ndani, na hapo ndipo ununue nyingine kwa moyo mweupe. Injini ikishawaka, namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Pandisha mwendo hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, washa taa kubwa na feni ya ndani, uangalie tena. Ikibaki juu ya 13.5, mfumo unafanya kazi na ugonjwa utafutwe pengine.

Kwa Coaster za volti 24, Fuso na wenzake, zidisha kila namba kwa mbili. Ila magari haya yana ugonjwa wao. Mtu akitaka redio ya volti 12 au chaja ya simu anachomeka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo inanyonywa peke yake wakati alteneta inazichaji zote kana kwamba ziko sawa. Moja inakauka, nyingine inachemka. Ukikuta Coaster inayokula betri kila mwaka, fuata waya wa redio kwanza.

Mita ikisoma 12.3 gari limezimwa, na 12.2 injini inanguruma, hakuna chaji kabisa. Ikisoma 13 na kidogo, chaji ipo ila haitoshi au inapotea njiani. Ikizidi 15, kidhibiti cha volti, yaani reguleta, kimekufa kwa upande wa pili: betri inachemka, inavimba, maji yanapungua kila wiki na harufu ya mayai viza inaingia hadi ndani ya gari. Haya matatu ni magonjwa tofauti, na kuyatibu kwa dawa moja ndiko kunakomaliza pesa za watu.

Ili kujua pa kushika, inafaa kuelewa alteneta inafanya nini. Wakazi wa Korogwe wana bahati ya kuwa na alteneta kubwa jirani. Kituo cha Hale kwenye Mto Pangani, kilichoanza kuzalisha mwaka 1964 na chenye uwezo wa megawati 21, kinafanya kazi kwa kanuni ile ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikizunguka karibu na nyaya zilizosukwa, umeme unazaliwa ndani ya nyaya. Hale sumaku inazungushwa na maji. Kwenye Land Cruiser inazungushwa na mkanda. Sumaku hiyo si ya kudumu; ni koili iliyofungwa kwenye rota, na haiwi sumaku mpaka ipelekewe umeme kidogo kwa kupitia kaboni mbili zinazosugua pete za shaba. Reguleta ndiyo inayoamua umeme huo uwe mwingi au kidogo. Tena umeme unaozaliwa ni wa kwenda na kurudi, kama ule wa Hale unaofika majumbani, ambao betri haiwezi kuupokea. Dayodi zilizo mgongoni mwa alteneta zinaugeuza uende upande mmoja. Land Rover za kale zilikuwa na dainamo, isiyohitaji dayodi lakini dhaifu injini ikiwa taratibu. Tangu Series III ya mwaka 1971 nazo zikahamia kwenye alteneta.

Sasa rudi kwenye dashibodi. Kitaa chekundu chenye picha ya betri ni chombo cha kupimia ambacho tayari umekilipia, na kwenye magari mengi ya Handeni kimekufa zamani. Fungua swichi bila kuwasha injini: lazima kiwake. Kama hakiwaki, globu imeungua, au fyuzi yake imekatika, au kaboni za alteneta zimekwisha na njia ya umeme imekatika. Kwenye Land Rover nyingi umeme wa kwanza wa kuiamsha rota unapitia globu hiyo hiyo, hivyo globu ya bei ya soda ikiungua alteneta nzima inaweza kulala. Toyota zenye reguleta ya ndani zina waya mwingine wa kuamshia, unaotoka kwenye swichi kupitia fyuzi ndogo, na soketi yake iko mgongoni mwa alteneta, mahali panapopokea vumbi, matope na mafuta kwa zamu. Ichomoe, ipime kwa mita swichi ikiwa wazi: waya mmoja uwe na volti 12 za kutosha. Kama haupo, usiguse alteneta. Nenda kwenye fyuzi.

Ukitaka kujua kama rota inaamka bila kufungua kitu, swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, sogeza ncha ya bisibisi ya chuma kwenye puli au mgongoni karibu na beringi. Ikivutwa, hata kidogo, umeme unafika kwenye rota na kaboni zinagusa. Ni kipimo cha bure na mafundi wa zamani wanakitumia sana.

Mkanda hautaki maneno mengi. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Uingie kama sentimeta moja. Ukiwa unang'aa kama kioo ubavuni, unateleza hata kama umekazwa. Injini za 1HZ hutumia mikanda miwili pamoja. Ibadilishwe yote kwa siku moja, kwa sababu mpya ukiwekwa na wa zamani unabeba kazi yote peke yake.

Kwenye nyaya ndipo nitakapokaa, kwa sababu magari ya miaka 25 au 30 yanaumwa zaidi hapo kuliko kwenye alteneta, na ndipo mafundi wengi wanapopita haraka. Vumbi jekundu la Kilindi linaingia kila mahali, makorongo ya barabara yanatikisa kila nati, mvua za masika zinamalizia kazi. Ukiukata waya mnene wa betri ya gari kama hilo, nje unaonekana mzima na mweusi, ndani nyuzi za shaba zimekuwa unga wa kijani. Waya wa namna hiyo bado unapitisha umeme. Taa ya kupimia itawaka vizuri ukiugusa. Mzigo ukiongezeka ndipo unakataa.

Kipimo chake ni rahisi na ndicho chenye thamani kuliko vyote katika sura hii. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nati nene ya alteneta inayotoa chaji, na ncha ya pili kwenye nguzo ya risasi ya betri upande wa chanya. Iwe nguzo yenyewe, si kibano kilichoishika, kwa sababu huenda kutu iko kati ya viwili hivyo. Waya mzima utasoma volti 0.2 au pungufu. Ukisoma 1.2, umepata mwizi: alteneta inatoa 14.3, betri inapokea 13.1, na tofauti inageuka joto mahali fulani njiani. Sogeza ncha hatua kwa hatua kuelekea kwenye alteneta. Pale namba inaposhuka ghafla ndipo palipooza. Halafu fanya hivyo hivyo upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye bodi ya alteneta. Upande huu, ethi, unasahaulika mno. Gari likipigwa rangi upya, fundi rangi anapaka hadi chini ya bolti ya ethi. Gari likishushwa injini, waya wa ethi kati ya injini na chesisi unarudishwa kwa bolti moja badala ya mbili au haurudishwi kabisa. Fungua, kwangua kwa msasa hadi chuma kionekane cheupe, kaza, paka grisi juu. Kwa vichwa vya betri spana namba 10 na maji ya moto yenye magadi vinatosha.

Karibu na betri ya Toyota kuna kipande cha waya chenye rangi tofauti, kilichowekwa makusudi kiungue kabla ya gari kuungua. Kikikatika, chaji inakatika. Wapo wanaokiondoa na kuunga waya wa kawaida. Gari linapona siku hiyo, na siku nyaya zitakapogusana hakuna kitakachozuia moto. Nunua kinachofanana nacho.

Ikiwa nyaya ni nzima, rota haiamki au chaji ni hafifu, ndipo alteneta ishuke. Kaboni mpya huchomoza sentimeta moja na zaidi. Zikibaki milimita chache, springi hazina tena nguvu ya kuzisukuma. Pete za shaba ziguse kwa ukucha: zikiwa na mfereji unaonasa ukucha, kaboni mpya hazitadumu. Dayodi iliyokufa hujitangaza kwa namna yake. Kitaa cha chaji kinawaka kwa mbali sana, kama aibu, injini ikiwa inanguruma. Redio inavuma kwa kupanda na kushuka na mwendo. Na ukiipeleka mita kwenye volti za kwenda na kurudi ukipima betri, inasoma zaidi ya nusu volti. Dayodi ikivuja, betri inanyonywa usiku hata kama alteneta inachaji mchana. Shika mgongo wa alteneta asubuhi kabla ya kuwasha: ukiwa na uvuguvugu, umeme umepita humo usiku kucha.

Kuna jaribio moja linalopendwa njia nzima, kuanzia Mkata hadi Mombo, ambalo ningelipiga marufuku kama ningekuwa na madaraka: kuchomoa kichwa cha betri injini ikinguruma ili kuona kama gari litazima. Kwenye dizeli inayozimwa kwa waya halikuonyeshi chochote, injini itaendelea tu. Kwenye yenye solenoidi na alteneta nzima, betri ikitoka ghafla volti zinaruka juu kwa sehemu ya sekunde, na dayodi au reguleta iliyokuwa nzima inaungua papo hapo. Ndivyo mtu anavyokuja na waya mbovu akaondoka na waya mbovu pamoja na alteneta mbovu.

Limebaki jambo ambalo ni la usalama kuliko umeme. Alteneta ya dizeli nyingi za Toyota, zikiwemo 2L na 3L, imebeba mgongoni pampu ya vakyumu. Petroli hupata mvuto wa hewa wa kusaidia breki kutoka kwenye njia yake ya kuingizia hewa. Dizeli haina mvuto huo, hivyo imepewa pampu, na kwenye injini hizi pampu imefungwa kwenye shafti ile ile ya alteneta. Inalainishwa kwa oili ya injini, kwa bomba la kuingiza na la kurudisha. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani ya alteneta, inalowanisha kaboni na pete, na chaji inadhoofika. Kubadilisha kaboni bila kubadilisha sili ni kurudi gereji mwezi ujao.

Hatari kubwa ni upande wa pili. Mkanda ukikatika hujapoteza chaji tu, umepoteza na msaada wa breki. Pedali inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Na wapo wanaofunga alteneta ya petroli isiyo na pampu kwa sababu ni rahisi kupatikana, wakaziba bomba la oili, na gari likachaji vizuri kabisa. Mwenye gari anaona mita inasoma 14.2, analipa, anaondoka kwenda kuchukua mboga Lushoto. Kurudi ni mteremko mkali wa Soni hadi Mombo, kona juu ya kona, na mzigo nyuma.

Kwa hiyo alteneta ikishafungwa, usilipe kwa kuangalia mita peke yake. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hadi pedali iwe ngumu, ikandamize uishikilie, kisha washa gari. Pedali lazima ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, gari hilo libaki gerejini.